Kamari Ndani ya Michezo ya Simu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha yalifika masuala mawili kwa juma moja. Waulizaji hawakuwa wameshauriana, walakini tulipoyatazama tuliona kuwa ni suala moja lenye nyuso mbili.

La kwanza liliulizwa na mama mmoja mjane wa mtaa wetu, anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Mama huyu alikuwa akiweka karo ya mwanawe katika simu, kidogo kidogo. Siku ya kulipa ilipofika alizitafuta fedha asizione. Mtoto, naye ana umri wa miaka 12, alikuwa ameijua namba ya siri kwa kumtazama mamake akilipa, akazitumia zote katika mchezo wa mpira wa simu, mia baada ya mia, akifungua visanduku vya bahati kwa tamaa ya kumpata mchezaji mmoja aliye bora kuliko wote. Hakumpata. Mama akauliza: "Maalim, mwanangu nimwite nani? Mwizi au mcheza kamari? Mwenyewe aniambia hakucheza kamari, kwani mle ndani hamna pesa za kushinda."

La pili liliulizwa na ndugu mmoja mwenye duka, mtu wa safu ya mbele msikitini. Yeye huuza salio la simu, na pamoja nalo huwauzia vijana sarafu za michezo, akapata faida ndogo. Akauliza: "Faida hii ni halali yangu?"

Tuliwaomba wote wawili watupe muda. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi tunayaandika ili yawafae na wengine, kwani hapana nyumba katika mji huu leo isiyokuwa na simu. Katika somo hili, tukisema "sheria" tunakusudia kanuni za serikali, na tukisema "sharia" tunakusudia hukumu za dini.

KWANZA: TULIJUE JAMBO LENYEWE

Wanavyuoni wametufundisha kwamba hukumu ya kitu hufuata sura yake. Asiyekijua kitu hana haki ya kukihalalisha wala kukiharimisha. Basi na tuanze na sura.

Zamani mchezo ulinunuliwa mara moja, kama mtu anunuavyo bao au karata. Siku hizi michezo mingi ya simu hutolewa bure, na mwenye kuitengeneza hupata fedha zake kwa kuuza vitu vilivyomo ndani: mavazi, silaha, wachezaji wa mpira, na mengineyo. Vitu hivi haviguswi wala havifungwi katika karatasi. Ni maandishi yaliyomo katika mashine za kampuni. Hata hivyo vina sarafu zake, vina soko lake, na bei zake hupanda na kushuka, kama samaki wanavyopanda na kushuka bei hapa kwetu siku za kaskazi na siku za kusi.

Biashara zinazofanyika humo ni za namna nne, na makosa mengi katika jambo hili hutokana na kuzichanganya.

Namna ya kwanza: mtu hununua kitu kijulikanacho kwa bei ijulikanayo. Ameona kofia, ameijua bei, ameilipa, amepewa.

Namna ya pili: mtu hulipa, akapewa kisanduku kilichofungwa. Ndani yaweza kuwamo kitu adimu kinachotafutwa na kila mtu, na aghlabu humo kitu duni ambacho mchezaji anacho tele. Hajui mpaka amekwisha kulipa.

Namna ya tatu: mtu hununua sarafu za mchezo, kisha huziweka dau mle mle ndani, katika gurudumu linalozunguka au karata. Akishinda hupata sarafu nyingine, lakini kampuni haimrejeshei fedha kwa sarafu hizo.

Namna ya nne: mtu hukichukua kitu cha mchezo akakiweka dau mahali pengine, nje ya mchezo, penye soko la kukigeuza kuwa fedha taslimu.

PILI: SHERIA ZA SERIKALI ZIMESEMAJE?

Sheria za nchi nyingi huijenga kamari juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni dau, yaani kitu anachokitoa mchezaji. Ya pili ni bahati, yaani matokeo yasiyotegemea ujuzi wake. Ya tatu ni tunzo, yaani kitu chenye thamani anachotaraji kukipata. Zikikutana zote, ni kamari. Ikikosekana moja, si kamari. Katika michezo ya simu, nguzo inayogombaniwa zaidi ni ile ya tatu: je, upanga wa kuchora, au sarafu isiyoshikika, ni kitu chenye thamani?

Suala hili si la jana. Uko mchezo uitwao Second Life, ambao sarafu zake hubadilishwa kwa dola za Marekani. Watu walikuwa wamefungua humo nyumba za kamari za kuchora, na wachezaji wakiweka madau ya sarafu hizo. Mwezi wa Julai 2007 kampuni yenye mchezo, Linden Lab, ilipiga marufuku kamari ndani yake. Hapo jambo lilikuwa wepesi kulifahamu: sarafu iliyo na mlango wa kutokea kwenda kwenye fedha ni kama fedha.

Taabu huja pale ambapo mlango huo umefungwa. Tutazame mashauri mawili ya Marekani, kwani yamekwenda njia mbili mbalimbali.

Shauri la kwanza lilikuwa juu ya mchezo uitwao Game of War. Mchezaji alinunua dhahabu ya mchezo kwa dola, akaigeuza vibao vya kuchezea, akazungusha gurudumu, akapoteza. Akataka arejeshewe fedha zake kwa sheria ya jimbo la Maryland. Mwezi wa Machi 2017 mahakama ya rufaa ilimkatalia. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha zake hazikupotea kwenye gurudumu. Zilikwisha kutoka pale alipoinunua dhahabu, na hayo yalikuwa ni mauzo yaliyotimia. Baada ya hapo alikuwa akicheza na kitu kisichoweza kurudi kuwa fedha.

Shauri la pili lilikuwa juu ya mchezo uitwao Big Fish Casino. Humo mchezaji hupewa vibao vichache bure, na vikimwishia hawezi kuendelea ila avinunue. Mwanamke mmoja alinunua na kupoteza vibao vya zaidi ya dola 1,000. Mwezi wa Machi 2018 mahakama nyingine ya rufaa ilimpa haki yake kwa sheria ya jimbo la Washington. Sheria ya jimbo hilo huhesabu kuwa ni kitu chenye thamani hata ile ruhusa ya kuendelea kucheza bila ya kulipa. Kwa kuwa kibao ndicho kinachompa mtu ruhusa hiyo, kibao kina thamani, na mchezo ni kamari. Mwaka 2020 wenye mchezo, wa zamani na wa baadaye, walikubali kutoa dola milioni 155 kuwalipa wachezaji.

Ulaya nako ni vivyo hivyo. Mwezi wa Aprili 2018 halmashauri ya kamari ya Ubelgiji ilihukumu kwamba visanduku vya bahati vinavyolipiwa ni kamari, ikaitaja michezo ya FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike. Sheria ya huko ya 1999 haiulizi kama tunzo yaweza kuuzwa. Yatosha mtu atoe dau, na bahati ihukumu kupata kwake au kukosa. Kampuni yenye FIFA ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia vifurushi vya wachezaji mwishoni mwa Januari 2019.

Uholanzi, nchi jirani, ilianza njia karibu na hiyo. Wasimamizi wa kamari waliipima michezo 10 mwaka 2018, wakaona 4 imevunja sheria kwa kuwa vitu vyake vyaweza kuhamishwa kwa mtu mwingine. Kampuni yenye FIFA ikatozwa faini ya yuro milioni 10. Walakini tarehe 9 Machi 2022 baraza la juu la mashauri ya serikali liliifuta faini hiyo. Likasema kisanduku si mchezo peke yake bali ni kipande cha mchezo mkubwa wa mpira, na mchezo ule ni wa ujuzi.

Tazameni basi, ndugu zangu. Baina ya Brussels na Amsterdam ni mwendo wa saa mbili hivi kwa treni. Kisanduku ni kile kile, mtoto ni yule yule, na fedha ni za baba yule yule. Upande huu ni kamari, na upande ule si kamari.

Uingereza imeshika njia ya katikati. Sheria yake ya 2005 hutazama kama tunzo ni fedha au ni kitu chenye thamani ya fedha. Kwa hivyo mwaka 2017, mjini Birmingham, watu wawili waliokuwa wakiendesha mahali pa kuwekea dau sarafu za FIFA, na watoto wakichezeshwa humo, walitiwa hatiani, wakatozwa faini na gharama zilizopindukia pauni 250,000. Hiyo ni ile namna ya nne. Ama visanduku vyenyewe, serikali ya huko iliamua mwaka 2022 kutoviingiza katika sheria ya kamari, ikazitaka kampuni ziwalinde watoto.

Japani ilipita mlango mwingine. Ulikuwako mtindo wa kumtaka mchezaji akusanye vitu kadha wa kadha vinavyotoka kwa bahati, na akivitimiza vyote ndipo apewe kitu kikubwa. Mwezi wa Mei 2012 idara ya kuwalinda wanunuzi ilitangaza kuwa mtindo huo umevunja sheria ya zawadi za biashara. Hawakuuita kamari, lakini waliukomesha.

Hapa kwetu Kenya, sheria iliyosimamia kamari na bahati nasibu tangu 1966 iliandikwa kabla michezo hii haijazaliwa, na mwaka 2025 ikatungwa sheria mpya. Aliye chini ya miaka 18 hana ruhusa ya kucheza kamari. Lakini haya yanamfaa mama yetu pale tu mchezo unapohesabiwa kuwa ni kamari, na hapo twarudi pale pale tulipoanza.

Kwa nini wanasheria wakahitilafiana hivi? Sababu ni kwamba sheria ya serikali haikukusudia kuiondoa kamari. Imekusudia kuisimamia: kujua ni nani apewe leseni, nani atozwe kodi, na nani akatazwe. Kwa hivyo hakimu anapoandika kuwa mchezo fulani si kamari, maana yake ni kuwa mwenye mchezo huo hahitaji leseni. Si maana yake kuwa mchezo ni mwema, wala kuwa mali iliyopotea humo imepotea kwa haki. Vijana wetu huyachukua maneno ya mahakama wakayafanya fatwa, na hilo ni kosa.

TATU: SHARIA YATAZAMA NINI?

Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, kamari imetajwa pamoja na ulevi, na sababu za kuharimishwa kwake zikaelezwa: ni mlango wa uadui na chuki baina ya watu, na humsahaulisha mtu kumkumbuka Mola wake na Sala. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, imeelezwa kuwa mna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.

Manufaa gani hayo? Wafasiri wametueleza namna Waarabu wa zama za ujahili walivyokuwa wakicheza. Walikuwa wakimchinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakatoa mishale kumi katika mfuko. Saba ilikuwa na mafungu, na mitatu haikuwa na kitu. Aliyetolewa mshale mtupu alilipa thamani ya ngamia asipate hata kipande. Na walioshinda walikuwa hawaili ile nyama, bali wakiwagawia maskini, wakajifakhari kwa hilo. Fikirini jambo hili: tunzo ya kamari iliyoteremshiwa aya haikuwa fedha mkononi mwa mshindi. Ilikuwa ni fakhari. Na kijana wetu anatafuta nini katika kisanduku? Mchezaji adimu wa kuwaonyesha wenziwe. Nayo ni fakhari.

Tena wamepokea kutoka kwa Mujahid na Ata na Tawus, nao ni katika wanavyuoni wakubwa wa tabiina, kwamba kila mchezo wenye kushindaniana kwa dau umo katika kamari, hata mchezo wa watoto wa kuchezea jozi. Jozi ni tunda lenye kokwa gumu, na watoto wa huko walilichezea kama watoto wetu wanavyochezea korosho na gololi, mwenye kushinda akachukua za mwenziwe. Hapana mtu awezaye kujenga nyumba kwa jozi. Wale wanavyuoni hawakuuliza jozi zauzwa kwa bei gani sokoni. Walitazama tendo: kwamba mtu ameitundika mali yake juu ya bahati, ama apate ya mwenziwe, ama aikose yake.

Hapa watauliza: je, kitu kisichoshikika ni mali? Jawabu ni kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, manufaa ni mali. Kukaa katika nyumba hakushikiki, nako hukodishwa. Haki ya kutumia kitu haionekani kwa jicho, nayo huuzwa. Madhali watu hulipa kwa ajili ya kitu, na hununua na kuuziana, na mwenye kukikosa huona khasara, kukiita si mali ni kucheza na maneno. Ile mahakama iliyosema kuwa ruhusa ya kuendelea kucheza ina thamani ilifika karibu na walipofika mafakihi wetu karne nyingi kabla yake.

Na lau tungekubali kwa ajili ya mjadala tu kuwa kisanduku si kamari, kingalikuwako kizuizi cha pili. Imamu Muslim amepokea kwa Abu Hureira kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mauzo ya kijiwe na mauzo ya gharari, yaani yale yenye kujificha mwisho wake. Mauzo ya kijiwe wameyaeleza hivi: muuzaji hutandaza nguo, mnunuzi akatupa kijiwe, na nguo iliyoangukiwa na kijiwe ndiyo yake kwa bei waliyopatana, iwe ya hariri au ya gunia. Je, kisanduku cha bahati kina tofauti gani na kijiwe? Wenye michezo husema: "Sisi si kamari, kwani mchezaji hapati patupu. Kila kisanduku kina kitu." Na yule mtupa kijiwe naye hakupata patupu, kwani kila mara alipata nguo. Hata hivyo yalikatazwa.

NNE: HUKUMU YA KILA NAMNA

Tusiwe miongoni mwa wanaoharimisha kila kigeni kwa kuwa ni kigeni. Asili ya biashara ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuikataza. Kwa hivyo twasema hivi:

Namna ya kwanza, kununua kitu kijulikanacho kwa bei ijulikanayo, ni biashara ya kawaida. Ikiwa kitu chenyewe hakina haramu, wala hapana israfu, wala Sala haipotezwi, hatuna dalili ya kuiharimisha.

Namna ya pili, kisanduku kinacholipiwa, ni haramu kwa tulivyofahamu, kwani imekusanya gharari na kutundika mali juu ya bahati. Hii haifanani na zawadi inayowekwa ndani ya pakiti ya chai. Huko mnunuzi ametaka chai, amepewa chai kamili kwa bei yake ya kila siku, na zawadi ni ziada, na wanavyuoni wengi wa zama zetu wameliruhusu kwa masharti hayo. Ama kisanduku, ile bahati ndiyo iliyonunuliwa.

Namna ya tatu, ikiwa sarafu zimenunuliwa kwa fedha, ni kamari, hata ikiwa haziwezi kurudi kuwa fedha. Kufungwa kwa mlango wa kutokea hakumfai mchezaji kitu. Kumemzidishia khasara, kwani katika kamari ya zamani mtu alikuwa akipoteza na huenda akapata, na huyu hupoteza tu. Ikiwa sarafu zilipatikana bure, hapana dau la mali. Walakini Imamu Nawawi katika Minhaj ameitaja nardi kuwa ni haramu kwa kauli iliyo sahihi, wala hakushurutisha dau, nao ni mchezo unaoendeshwa na kete. Mchezo wa gurudumu uko karibu nayo, basi kuuacha ndiyo salama ya dini ya mtu.

Namna ya nne ni kamari iliyo wazi, wala hatujui anayehitilafiana nayo, si fakihi wala hakimu.

Yabaki mashindano ya ujuzi yenye tunzo. Ikiwa tunzo imetolewa na mtu wa nje asiyecheza, hapana mchezaji anayekula mali ya mwenziwe. Ikiwa kila mchezaji ametoa kiingilio na mshindi akavichukua vyote, hiyo ni kamari, na ruhusa iliyokuja katika Hadithi ni ya mashindano ya farasi, ngamia na kurusha mishale, na mafakihi wameiwekea masharti yake.

TANO: MAJIBU YA WAULIZAJI WETU

Mama yetu, mwanao usimwite mwizi wala mcheza kamari. Hajabaleghe, na kalamu ya madhambi imeondolewa kwake mpaka abaleghe. Lakini alilolifanya lina majina hayo mawili. Alichukua mali bila ya idhini, na aliitumia katika kamari, na yafaa aambiwe wazi, kwa upole. Ile hoja yake kwamba "mle ndani hamna pesa za kushinda" mjibu kwa swali moja: "Na za kupoteza je, hazikuwamo?" Atafahamu. Hoja hiyo iliwashughulisha mahakimu wa nchi kubwa, basi si ajabu kuwa imemdanganya mtoto.

Ama fedha zenyewe, usikate tamaa upesi. Katika madhehebu yetu mauzo ya mtoto asiyebaleghe hayasihi, na mali hurejeshwa kwa mwenyewe. Na katika jambo hili sheria ya serikali imekutana na sharia mahali pamoja. Mwezi wa Januari 2014 serikali ya Marekani iliilazimisha kampuni ya Apple kuwarejeshea wazazi si chini ya dola milioni 32.5 kwa vitu vilivyonunuliwa na watoto ndani ya michezo pasipo idhini yao. Basi waandikie wenye duka la michezo katika simu yako, ueleze kuwa aliyenunua ni mtoto, utaje tarehe na kiasi, wala usikawie. Jamaa wa darsa wanaojua mambo ya simu wako tayari kukuandikia. Na kuanzia leo namba yako ya siri iwe siri kweli, hata kwa unayemzaa.

Ndugu yetu mwenye duka, suala lako walikwisha kulijibu mafakihi walipoulizwa juu ya mtu kumuuzia zabibu mwenye kukamua ulevi. Zabibu ni halali. Lakini ukijua, au ukidhani kwa nguvu, kuwa mnunuzi atazikamua ulevi, kumuuzia ni haramu, na ukiwa na shaka tu ni makuruhu. Sarafu za mchezo ni kama zabibu hizo. Zaweza kununulia kofia ijulikanayo, na zaweza kununulia kisanduku. Ikiwa mchezo wenyewe haujengwi ila juu ya visanduku au gurudumu, usiziuze sarafu zake. Ikiwa una matumizi ya namna mbili, muulize mnunuzi. Na mtoto asiyekuja na mzazi wake usimuuzie kabisa, kwani mauzo yake hayasihi, na shilingi anayokupa hujui imetoka mfuko gani.

Aliposomewa jawabu hili alinyamaza kitambo, kisha akauliza juu ya faida aliyokwisha ila. Tukamwambia: uliyoyafanya hali ya kutojua, ukaacha ulipojua, twataraji msamaha wa Mwenyezi Mungu kwako. Lakini ikiwa yuko mtoto unayemjua, uliyemuuzia kwa fedha za watu, mrejeshee mwenye fedha, kwani haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake.

Neno la mwisho ni letu sisi watu wazima. Tusimcheke mtoto aliyefungua visanduku, ilhali katika mabaraza yetu wako wanaume wenye ndevu wanaobashiri mpira wa Ulaya kwa simu hizo hizo, kisha wakasema "ni shilingi hamsini tu". Jozi nazo zilikuwa jozi tu. Mtoto hujifunza kwa kutazama, kama alivyojifunza huyu namba ya siri ya mamake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja nguzo tatu za kamari katika sheria za serikali. Ni ipi inayogombaniwa zaidi katika michezo ya simu, na kwa nini?
2. Eleza tofauti ya hukumu ya shauri la Maryland na la Washington. Ni lipi lililo karibu na kauli ya Mashafii juu ya manufaa, na kwa sababu gani?
3. Mauzo ya kijiwe ni nini, nayo yafanana vipi na kisanduku cha bahati?
4. Kijana amenunua vazi la mchezo alilolijua kwa bei aliyoijua. Mwenziwe amenunua kisanduku kwa bei hiyo hiyo, akapata vazi lile lile. Je, hukumu yao ni moja? Toa hoja yako.

Haya ndiyo tuliyoyafahamu. Yaliyo sawa yatokana na Mwenyezi Mungu, na yaliyo makosa yatokana na nafsi zetu. Mwenye dalili iliyo na nguvu zaidi na atuletee darsani, nasi tutaisoma mbele ya watu wote. Wallahu aalam.